Wasomaji Wanauliza: Majarida ya Zamani Yenye Majalada ya Kuchorwa

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaokusanya majarida ya zamani, hasa yale ambayo jalada lake lilichorwa na msanii kabla ya kupelekwa kiwandani, watuandikie mambo yanayowatatiza. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na baadhi zilikuwa zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Tumechagua hizi, na mbili kati yake tumezifupisha kwa ridhaa ya walioziandika.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio. Mwezi uliopita nilipita kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa amefariki na warithi wanauza vyombo vyake nje, nikanunua sanduku zima la The Saturday Evening Post la miaka ya 1940 na 1950, matoleo kama arobaini. Moja lina picha ya bibi na mtoto wakisali kabla ya kula katika mkahawa uliojaa watu. Rafiki yangu ananiambia kuwa picha hiyo iliuzwa kwa mamilioni ya dola. Je, nimeokota dodo chini ya mwarobaini?
*Msomaji, Ohio, Marekani*

Marahaba. Dodo umeliokota, ila si kubwa kama rafiki yako anavyokuhadithia. Picha unayoisema ni ya Norman Rockwell, na ilitoka kwenye jalada la tarehe 24 Novemba 1951. Kilichouzwa na nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini New York mwaka 2013 kwa dola milioni 46 ni mchoro wenyewe wa rangi za mafuta, ule ambao Rockwell aliupaka kwa brashi mbele ya macho yake. Ulicho nacho wewe ni chapa ya mchoro huo, na chapa hizo zilitoka kwa mamilioni. Jarida lenyewe lilikuwa la kila wiki. Lilikuwa limeshapita nakala milioni moja kwa wiki kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 lilikuwa limepita milioni tatu. Kitu kilichochapwa kwa wingi wa namna hiyo, kisha watu wakakihifadhi darini kwa sababu waliona vibaya kukitupa, hakiwi adimu kwa sababu tu ya umri wake.

Hilo lisikukatishe tamaa, kwa kuwa sanduku lako lina mambo mengine. Kampuni ya Cyrus Curtis ya Philadelphia ililinunua jarida hilo mwaka 1897 kwa dola 1,000 tu, likiwa linakaribia kukata roho. Miaka miwili baadaye alikabidhiwa mhariri George Horace Lorimer, ambaye aliliongoza hadi mwisho wa mwaka 1936 na ambaye alikuwa akichagua michoro ya majalada yeye mwenyewe. Chini ya mikono yake jalada liliacha kuwa kifuniko cha kurasa likawa kitu ambacho watu walikingojea kwa hamu kila wiki. Rockwell aliuza mchoro wake wa kwanza kwa jarida hilo mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 22, na alipoachana nalo mwaka 1963 alikuwa amechora majalada zaidi ya 320.

Sasa panga matoleo yako, na usianze kwa kutafuta jina la Rockwell. Anza kwa kuhesabu kurasa. Toleo zima, lenye jalada la mbele, jalada la nyuma na kurasa zote za kati bila tangazo hata moja lililokatwa kwa mkasi, ndilo toleo. Yasiyokamilika yaweke kando hata kama jalada lake linang'aa. Baada ya hapo ndipo uangalie wachoraji. Utawakuta John Falter, Stevan Dohanos, Mead Schaeffer na Constantin Alajalov, mafundi waliokuwa na mikono mizuri sana lakini ambao mnunuzi wa haraka huwapita bila kuwatazama. Ukibahatika kupata la kabla ya mwaka 1943, tafuta sahihi ya J. C. Leyendecker. Huyu alizaliwa Ujerumani, akakulia Chicago, na ndiye aliyekuwa mfalme wa majalada hayo kabla ya Rockwell, ambaye naye alimwona kama mwalimu wake. Kwa zaidi ya miaka thelathini alichora mtoto mchanga wa Mwaka Mpya kila Januari ilipokaribia; yule wa mwisho, wa Januari 1943, amevaa kofia ya chuma na anashambulia alama ya Manazi kwa singe. Kwa jicho langu, kitambaa kilichochorwa na Leyendecker kina mikunjo ambayo Rockwell hakuwahi kuifikia, lakini najua kuna wasomaji watakaoniandikia kunipinga.

Kosa moja wanalolifanya wengi ni kutafuta jalada lenye michoro minne ya Rockwell kuhusu uhuru wa aina nne ambao Rais Franklin Roosevelt aliutaja katika hotuba yake ya Januari 1941. Watazunguka minada mwaka mzima na hawatalipata, kwa sababu michoro hiyo haikuwa majalada. Ilichapwa ndani ya jarida, katika matoleo manne yaliyofuatana ya Februari na Machi 1943. Matoleo hayo yana majalada ya kawaida tu, na nimeshuhudia muuzaji akiyapanga kwenye rundo la bei ya chini bila kuyafungua. Kwa hiyo, ukikuta la miezi hiyo, lifungue.

Na ukibahatika zaidi, utakuta la tarehe 29 Mei 1943, la mwanamke mwenye misuli aliyevaa ovaroli ya buluu, mkate mkononi na mashine ya kupigia ribiti mapajani. Chukua lenzi utazame chini kwenye viatu vyake: amekikanyaga kitabu cha Hitler. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini mtu anaweza kukaa na jalada moja usiku kucha.

Mimi niko Mombasa, karibu na bahari. Majarida niliyoachiwa na marehemu baba yana madoa ya kahawia, pini zimeota kutu, na mengine yamegandana kurasa. Nifanyeje?
*Msomaji, Mombasa*

Pole, dada. Adui zako ni watatu, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni unyevu, na yeye ndiye mkubwa wao. Karatasi huhifadhika vizuri pale ambapo unyevu wa hewa hauzidi asilimia 50 hivi, na huku pwani sote tunajua kuwa kiwango hicho tunakiona kwa nadra. Usitafute kuibadilisha hewa ya nyumba nzima. Badilisha hewa ya sanduku. Tumia sanduku la plastiki gumu lenye mfuniko unaobana, weka ndani yake vile vipakiti vya punje za kunyonya maji ambavyo huja na viatu vipya na kamera, na uvikaushe au uvibadilishe mara kwa mara, hasa masika. Sanduku lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje. Kasha la bati, ambalo wazee wetu walilipenda kwa sababu panya hawaliwezi, hutoa jasho kwa ndani usiku unapopoa, na jasho hilo huishia kwenye karatasi.

Hili la kasha nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuhifadhi rundo la majarida ya rangi katika kasha la aina hiyo, nikalifunika kwa nailoni ya meza, nikajiona nimemaliza. Mvua za Aprili zilipokwisha nililifungua nikakuta rundo limekuwa tofali. Karatasi ya kung'aa hupakwa udongo mweupe laini, kaolini, uliochanganywa na gundi. Ikilowa, kile kinachong'aa hulainika, kurasa hushikana, na ikikauka zikiwa zimebanana huwa zimeungana kabisa. Nilijaribu kuzibandua kwa kisu cha siagi, na kila ukurasa uliotoka ulitoka na uso wa mwenzake. Kwa hiyo yale yako yaliyokwisha kugandana na kukauka yaache yalivyo. Lakini siku jarida la kung'aa litakapolowa mbele ya macho yako, usilianike juani likiwa limefungwa: lifungue ukurasa kwa ukurasa lingali bichi na uweke karatasi nyeupe kati ya kila kurasa mbili, au, kama ni mengi na huna muda, yafunge kwenye mfuko uyaweke kwenye friza hadi utakapopata nafasi ya kuyakausha moja moja.

Adui wa pili ni pini. Kutu yake ndiyo inayoacha yale madoa mawili ya rangi ya chungwa katikati ya mgongo wa jarida, na ikiachwa hula karatasi hadi jalada likachomoka lenyewe. Wako wakusanyaji wasiotaka pini ya asili iguswe, na kwa toleo adimu lililo kavu nakubaliana nao. Kwa la kawaida lenye kutu inayomeng'enyeka, lifungue katikati kabisa, nyanyua miguu ya pini kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, kisha igeuze na kuivuta taratibu kutoka upande wa mgongo. Ukitaka kulifunga tena, pitisha uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale na ufunge fundo kwa ndani.

Adui wa tatu ni wadudu, hasa wale wadogo wa rangi ya fedha wasio na mabawa, wanaokimbia unapofungua kitabu na ambao hula gundi na uso wa karatasi. Naftalini huwafukuza, ila harufu yake haitatoka katika jarida maishani mwako. Afadhali kulifunga jarida ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa na kuliweka kwenye friza yenye baridi kali kwa wiki moja hadi mbili, kisha uliache mfukoni hadi litakapokuwa na joto la chumba kabla ya kulifungua.

Madoa ya kahawia hayatoki, na atakayekuambia yatatoka kwa dawa ya kung'arisha nguo anataka kukupa karatasi nyeupe isiyo na picha. Na selotepu, tafadhali, hapana. Ndani ya miaka michache huwa njano, gundi yake huingia kwenye karatasi, na plastiki huanguka ikiacha mstari wa kahawia usiofutika.

Mume wangu anataka kuyakata majalada mazuri na kuyatia fremu ukutani, kwa sababu anasema hakuna anayesoma yaliyomo. Mimi naona ni uharibifu. Tuamulie.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Naamua upande wako, na simwombi radhi shemeji. Jalada likishachanwa huwa picha tu. Picha ya kupendeza, ndiyo, lakini haina tena ile wiki yake: habari zilizokuwa ndani, tangazo la gari upande wa nyuma, hadithi ambayo mtu alikuwa akiisoma kwenye treni, barua za wasomaji waliokuwa wakilalamika kama tunavyolalamikiwa sisi. Msanii alichora akijua toleo hilo litatoka tarehe fulani, na mara nyingi mzaha wake hauelewi mtu asiyejua mwezi huo kulikuwa na nini. Vilevile mnunuzi wa baadaye atalipa kidogo sana kwa karatasi moja iliyotoka pini.

Kama anataka kitu cha ukutani, jalada lipigwe picha au liskaniwe vizuri kwenye duka la kuchapisha, nakala ndiyo itiwe fremu, na jarida lenyewe libaki salama sandukuni. Nakala hiyo ikififia mtachapa nyingine. Na itafifia. Nenda kwenye kibanda chochote cha kinyozi utazame mabango ya mitindo ya nywele yaliyokaa dirishani: nyuso zote zimegeuka buluu, kwa kuwa jua hula nyekundu na njano kabla ya kuigusa buluu. Majalada mengi ya zamani yanategemea nyekundu hiyohiyo.

Kwa nini majarida yaliacha kutumia michoro kwenye majalada?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Kwa sababu picha za kamera zilikuwa nzuri vya kutosha, za haraka zaidi, na kwa macho ya wasomaji wa wakati ule zilionekana za kweli zaidi. Vogue iliweka picha ya rangi iliyopigwa na Edward Steichen jaladani Julai 1932, na Novemba 1936 Life ya Henry Luce ilianza na picha ya bwawa la Fort Peck iliyopigwa na Margaret Bourke-White. Baadaye televisheni iliwachukua watangazaji, na majarida ya kila wiki yenye kurasa nyingi yakakosa fedha. The Saturday Evening Post lilisimama mwaka 1969, ingawa lilirejea miaka miwili baadaye kwa sura nyingine. The New Yorker, lililoanza Februari 1925 na yule bwana wa kofia ndefu anayemkagua kipepeo kwa miwani ya jicho moja, mchoro wa Rea Irvin, bado linachora. Ukitaka kuanza kukusanya kwa fedha ya mwanafunzi, anza na hilo, kwa kuwa la miaka ya karibuni utalipata kwa bei ya mkononi, na ni rahisi kulipata likiwa zima.

Nitajuaje kama jalada ni la asili au ni la kuchapwa upya?
*Msomaji, Muscat*

Ndugu yangu, mambo mawili hayadanganyi kirahisi: bei na mgongo wa karatasi. The Saturday Evening Post liliuzwa senti 5 kwa miaka mingi hadi mwaka 1942, likapanda hadi senti 10, na lile la Novemba 1951 tulilolitaja hapo juu liliuzwa senti 15. Bei isiyolingana na tarehe ni kengele. Kisha ligeuze. Jalada la asili lina kitu nyuma yake, aghalabu makala au tangazo, wakati nakala ya kupambia nyumba huwa nyeupe. Ukubwa nao usaidie: nusu ya kwanza ya karne iliyopita jarida hilo lilikuwa na urefu wa karibu sentimita 35, kwa hiyo lolote linaloingia kwenye bahasha ya A4 lina maswali ya kujibu. Kibandiko cha anwani ya mteja wa zamani wengi hukiona kasoro, na kweli hupunguza bei. Mimi hukipenda, kwa sababu hakuna anayejisumbua kughushi anwani ya mkulima wa Iowa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Sina majarida ya Wazungu. Nina matoleo ya Sani na machache ya Joe ya Nairobi, niliyoyanunua nikiwa kijana. Yamekuwa ya njano na yanakatika pembeni. Vijana wananiambia niyachome. Pia mjukuu wangu amemchorea mhusika mmoja masharubu jaladani kwa kalamu ya wino. Je, yana thamani, na masharubu niyafute vipi?
*Mwalimu, Tanga*

Shikamoo Mwalimu. Usichome hata moja. Nimeiweka barua yako mwisho ili nipate nafasi, kwa kuwa ndiyo iliyonigusa kuliko zote.

Yule wa Ohio ana vitu vilivyochapwa kwa mamilioni na kuhifadhiwa darini. Wewe una vitu vilivyochapwa kwa uchache na kufungiwa karanga. Joe lilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, likaendelea hadi mwaka 1979. Ni miaka sita tu, na mistari ya Hirst ndiyo iliyolipa sura yake, mwananchi wa kawaida wa mjini anayehangaika na kodi, mabasi na wakubwa. Sani la Dar es Salaam, lenye jina lililotokana na silabi za kwanza za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, liliwalea akina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodi Lofa, ambao kizazi kizima kiliwafahamu kuliko majirani zao. Majarida haya yalipita mkono kwa mkono, darasa zima likasoma nakala moja, na nakala hiyo ikafa kwa kusomwa. Ndiyo maana toleo zima la Sani la zamani ni gumu kulipata kuliko jalada la Rockwell. Bei yake sokoni ni suala jingine, kwa sababu soko lenyewe halijaundwa. Atakayekuja na fedha leo pengine atakupa kidogo, na mimi nisingemuuzia.

Unjano unatoka ndani ya karatasi. Karatasi ya bei nafuu hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, ile inayoushikamanisha mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka kahawia na kuzaa asidi inayokatakata nyuzi. Huwezi kuirudisha nyuma, ila unaweza kuipunguza mwendo: giza, ubaridi wa chumba, na kila toleo ndani ya mfuko wake. Tafuta mifuko ya poliesta iliyo safi na isiyo na harufu. Ile plastiki laini yenye kunuka kama viti vipya vya gari hutoa kemikali zinazonata kwenye wino. Nyuma ya jarida weka kadibodi isiyo na asidi ukiipata, na usipoipata, weka karatasi nyeupe nzuri ya kuchapishia, uibadilishe kila baada ya miaka michache. Yasimame wima kama yamebana vya kutosha, la sivyo yalale, yasizidi kumi kwa rundo.

Kisha yapige picha yote, jalada na kila ukurasa, kwa simu, mchana, karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja. Andika katika daftari namba ya toleo, mwezi, mwaka, jina la mchoraji kama limesainiwa, uliponunulia na bei uliyotoa kama unaikumbuka. Juu ya jarida lenyewe usiandike kitu; ukilazimika, tumia penseli laini, ndani, pembeni.

Masharubu usiyafute. Wino wa kalamu ukilowanishwa utasambaa hadi kwenye paji la uso la mhusika, na raba itaondoa rangi kabla haijaugusa wino. Yaandike daftarini pia, pamoja na jina la mjukuu na tarehe, kisha umnunulie daftari lake la kuchorea.